Wagonjwa wanaosafishwa damu: Dawa ni nyingi, orodha iwe moja

MGONJWA wa figo anayesafishwa damu kwa mashine huishi kwa kufuata ratiba mbili. Ya kwanza ni ratiba ya mashine, ambayo kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Ya pili ni ratiba ya dawa, nayo haina siku ya mapumziko. Zipo dawa za shinikizo la damu, za kisukari, za kuongeza damu, za kulinda mifupa na za kinga ya moyo. Nyingine humezwa pamoja na chakula, nyingine kabla ya kulala, na nyingine hutolewa kwa sindano baada ya mashine kuzimwa.

Kwa familia nyingi za Unguja ambazo jamaa yao anapata huduma hiyo, wingi huo wa dawa huleta maswali ya haki. Je, zote ni za lazima? Je, haziwezi kudhuru zikichanganywa? Je, mgonjwa anaweza kuacha baadhi yake akijisikia nafuu? Makala haya yanaeleza sababu za wingi huo, mahali hatari inapoanzia na hatua zinazoweza kuchukuliwa na mgonjwa, familia yake na watoa huduma. Jambo la msingi ni kwamba wingi wa dawa peke yake si kosa. Hatari huanza pale ambapo hakuna mtu hata mmoja anayezijua dawa zote anazotumia mgonjwa.

Kwa nini dawa ni nyingi

Watu wengi huifahamu figo kuwa ni chujio la kutoa uchafu na maji ya ziada mwilini. Hiyo ni kazi yake moja tu. Figo pia hutengeneza homoni inayouamrisha uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu za damu, huikamilisha vitamini D ili mwili uweze kutumia madini ya kalsiamu, hudhibiti shinikizo la damu, na hupima kiasi cha potasiamu na fosforasi kinachobaki ndani ya damu.

Mashine ya kusafishia damu husaidia katika kuchuja, lakini haiwezi kutengeneza homoni wala kuikamilisha vitamini D. Hata uchujaji wenyewe si wa wakati wote. Mgonjwa anayesafishwa saa nne mara tatu kwa wiki hupata saa 12 za mashine, ilhali wiki nzima ina saa 168, na figo yenye afya hufanya kazi katika saa zote hizo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na dawa pamoja na mpangilio wa chakula na maji.

Ndiyo maana mgonjwa hupewa sindano ya kuhamasisha uzalishaji wa damu pamoja na madini ya chuma. Hupewa dawa inayoshika fosforasi tumboni isiingie katika damu, na mara nyingi vitamini D ya aina maalumu kwa ajili ya mifupa. Juu ya hizo huja dawa za maradhi yaliyoiharibu figo tangu mwanzo. Shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kushindwa kufanya kazi duniani, na Zanzibar haiko mbali na hali hiyo. Uchunguzi wa viashiria vya maradhi yasiyoambukiza uliofanyika Zanzibar mwaka 2011 ulionesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Hali hii ya dawa nyingi huwakabili wagonjwa wa figo kila mahali. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusisha wagonjwa 233 wa vituo vitatu vya kusafishia damu. Nusu yao walikuwa wakitumia vidonge 19 au zaidi kwa siku, na mgonjwa mmoja kati ya wanne alipindukia vidonge 25. Karibu nusu ya vidonge hivyo vilikuwa vya kushika fosforasi peke yake. Mgonjwa wa Unguja anayeuona mfuko wake wa dawa kuwa mzito hana sababu ya kudhani kwamba yeye ndiye pekee aliyebebeshwa mzigo huo.

Dawa ile ile, mwili tofauti

Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikishindwa, dozi inayomfaa jirani inaweza kukusanyika katika mwili wa mgonjwa wa figo siku baada ya siku hadi ikawa sumu. Kwa sababu hiyo baadhi ya dawa hupunguzwa kipimo, nyingine huongezewa muda kati ya dozi moja na nyingine, na nyingine huachwa kabisa.

Mfano wa karibu ni metformini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari. Mgonjwa ambaye figo zake zimefikia hatua ya kusafishwa damu hatakiwi kuitumia, kwa kuwa inaweza kujikusanya na kusababisha asidi ya hatari ndani ya damu. Insulini nayo huvunjwavunjwa kwa sehemu kubwa na figo. Figo zinapochoka, insulini hudumu zaidi mwilini, na kipimo kilichokuwa sahihi mwaka jana kinaweza leo kushusha sukari hadi mgonjwa akazimia. Glibenklamaidi, kidonge kingine cha kisukari, kina hatari kama hiyo.

Dawa za maumivu zinahitaji tahadhari ya pekee kwa sababu hupatikana kwa urahisi. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha shinikizo la damu na huweza kumaliza kiasi kidogo cha mkojo ambacho mgonjwa bado anakipata. Aidha, huweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Hatari hiyo huongezeka kwa mgonjwa wa figo kwa kuwa wakati wa kusafishwa damu mara nyingi hupewa heparini, dawa inayozuia damu kuganda ndani ya mashine. Parasetamoli, ikitumiwa kwa kipimo kilichoelekezwa, kwa kawaida huwa salama zaidi, lakini nayo inapaswa kujulikana na wanaomtibu.

Dawa za kiungulia pia si za kununua kiholela. Baadhi yake zina aluminiamu au magnesiamu, madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa. Katika miaka ya 1970 madaktari walibaini kuwa aluminiamu iliyojikusanya kwa wagonjwa waliosafishwa damu ilidhuru ubongo na mifupa. Tangu wakati huo maji ya mashine na dawa za wagonjwa hao huangaliwa kwa makini kuhusu madini hayo.

Upande wa pili ni mashine yenyewe. Baadhi ya dawa hutolewa na mashine pamoja na uchafu wa damu, kwa mfano atenololi inayotumika kwa shinikizo la damu, vitamini zinazoyeyuka katika maji na aina kadhaa za antibayotiki. Mgonjwa akizitumia asubuhi kabla ya kuunganishwa na mashine, sehemu kubwa yake huondoka kabla ya kufanya kazi iliyokusudiwa. Hivyo anapoambiwa kuwa dawa fulani itolewe baada ya kusafishwa damu, agizo hilo lina sababu ya kitaalamu na linapaswa kufuatwa kama lilivyo.

Milango mingi, mgonjwa mmoja

Mgonjwa wa figo hapa Unguja hupita katika milango mingi ya huduma. Anaweza kusafishwa damu katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Mji Mkongwe, kisha akapata homa akiwa nyumbani kwake na kutibiwa katika hospitali ya Kivunge au Makunduchi. Anaweza kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa uchunguzi zaidi na kurudi na cheti kipya cha dawa. Akiumwa na mgongo usiku, jamaa humnunulia vidonge katika duka la dawa lililo karibu. Na kwa kuwa familia nyingi za Zanzibar zina ndugu Oman na nchi nyingine za Ghuba, si ajabu akaletewa dawa za moyo au za sukari zenye maandishi ya Kiarabu.

Kila mlango kati ya hiyo unaweza kuwa umetoa huduma kwa nia njema na kwa usahihi. Tatizo ni kwamba kila mmoja umekiona kipande kimoja tu. Chukulia mfano wa mgonjwa aliyepewa amlodipini mjini, kisha akapewa kwingine kidonge hicho hicho chenye jina tofauti la biashara. Kwa macho yake hizo ni dawa mbili, kwa kuwa maboksi na rangi ni tofauti. Kwa mwili wake ni dozi maradufu ya dawa moja, na siku ya mashine shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Ipo pia hali ya dawa moja kuzaa nyingine. Amlodipini na nifedipini huweza kuvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Mtoa huduma asiyejua kuwa mgonjwa anatumia dawa hizo anaweza kuuchukulia uvimbe huo kuwa ni maji yaliyozidi, akaongeza dawa ya kuyatoa. Dawa hiyo ya pili ikileta kizunguzungu, huongezwa ya tatu. Mlolongo huo hukatika tu pale mtu mmoja anapoketi na orodha kamili mbele yake na kuuliza ni dawa ipi ilianza lini, na kwa sababu gani.

Nyingine hupingana tumboni. Vidonge vya kalsiamu kaboneti vinavyotumika kushika fosforasi hufanya kazi vikimezwa pamoja na chakula, na vikimezwa tumbo likiwa tupu havitimizi kazi hiyo. Lakini kalsiamu hiyo hiyo hushikana na antibayotiki ya siprofloksasini na vidonge vya madini ya chuma, ikazizuia kuingia mwilini. Mgonjwa akizimeza zote kwa mkupuo mmoja ili amalize, anaweza kumaliza dozi nzima ya antibayotiki bila kupona, ilhali tatizo si ubovu wa dawa bali ni wakati wa kuimeza.

Miti shamba, madafu na birimbi

Matumizi ya tiba asili ni sehemu ya maisha ya Wazanzibari, na wagonjwa wengi hawayahesabu kuwa ni dawa wanapoulizwa hospitalini. Hata hivyo, unga wa mlonge, mwarobaini, habasoda na michanganyiko inayouzwa kwenye chupa ina viambato vinavyofanya kazi mwilini, na figo ndizo zinazotegemewa kuvitoa vingi kati ya hivyo. Mchanganyiko usiojulikana kilichomo ni hatari zaidi, kwa sababu hata daktari hawezi kukadiria utakavyokutana na dawa nyingine. Kumweleza daktari kuhusu dawa hizo si kukiri kosa, bali ni kumpa taarifa anayoihitaji ili asimdhuru mgonjwa.

Vyakula na vinywaji navyo vina nafasi katika hesabu hii. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima ni kinywaji chenye manufaa, lakini kwa anayesafishwa damu potasiamu hiyo hubaki katika damu na ikizidi huweza kusimamisha moyo. Hatari huwa kubwa zaidi iwapo mgonjwa anatumia losatani au dawa za kundi lake, ambazo nazo hupandisha potasiamu.

Birimbi, tunda linalotumika visiwani katika achari na mchuzi, lina asidi ya oksaliki kwa wingi. Mwaka 2013 madaktari wa Jimbo la Kerala, India, waliripoti wagonjwa 10 waliopata madhara ya ghafla ya figo baada ya kunywa maji ya birimbi yaliyokamuliwa yakiwa mazito. Maji ya aina hiyo hayafai kutumiwa kama dawa ya kushusha sukari au mafuta, na zaidi kwa mtu ambaye tayari ana maradhi ya figo.

Mwezi wa Ramadhani

Kipindi kinachohitaji mashauriano ya mapema ni mwezi wa Ramadhani. Mgonjwa anayetamani kufunga mara nyingi huzikusanya dawa za siku nzima katika saa chache kati ya futari na daku. Kwa mgonjwa wa figo hatua hiyo inaweza kushusha shinikizo la damu usiku na kuliacha lipande mchana, au kuishusha sukari kabla ya alfajiri. Wengine huzidisha tende, juisi na maji wakati wa kufuturu, wakafika kwenye mashine wakiwa na maji na potasiamu nyingi kupita kiasi.

Dini ya Kiislamu imetoa ruhusa kwa mgonjwa kutofunga, na wanaosafishwa damu wako katika kundi la hatari kubwa. Uamuzi huo unafaa kujadiliwa na daktari pamoja na mwanachuoni wiki kadhaa kabla ya mwandamo wa mwezi. Kwa vyovyote vile, kubadilisha saa au kipimo cha dawa si jambo la mgonjwa kuamua peke yake.

Orodha moja na mfuko mmoja

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya usalama wa matumizi ya dawa inayojulikana kama Dawa Bila Madhara, na kuyataja maeneo matatu ya kupewa kipaumbele. Maeneo hayo ni mazingira yenye hatari kubwa, matumizi ya dawa nyingi kwa wakati mmoja na uhamisho wa mgonjwa kutoka kituo kimoja cha huduma kwenda kingine. Mgonjwa anayesafishwa damu huyakuta yote matatu ndani ya wiki moja.

Hatua ya kwanza haihitaji mtambo wala fedha nyingi. Ni daftari dogo au karatasi moja yenye orodha ya kila anachotumia mgonjwa, ikiwa na mambo yafuatayo:

- Jina halisi la dawa kama lilivyoandikwa kwenye boksi, mbali na jina la biashara;
- Kipimo, idadi na saa ya kutumia;
- Kazi ya dawa hiyo kwa maneno ambayo mgonjwa mwenyewe anayaelewa;
- Nini kifanyike siku ya mashine: itumiwe kabla, baada au isitumiwe;
- Tarehe ilipoanza na kituo kilichoitoa;
- Dawa zilizosimamishwa, dawa zilizowahi kumdhuru, pamoja na dawa za asili na zilizonunuliwa bila cheti.

Orodha hiyo iende na mgonjwa kila anapokwenda, ikiwemo katika duka la dawa. Kwa asiyejua kusoma au mwenye uoni hafifu, njia iliyo nyepesi ni kuzitia dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na maboksi yake, na kuufikisha mfuko huo kwa daktari au mfamasia. Nakala ya pili ibaki kwa mwanafamilia mmoja aliyekubalika kuwa msimamizi, ili mgonjwa akizidiwa apatikane mtu wa kueleza.

Kwa upande wa watoa huduma, wajibu ni kuipitia orodha hiyo kila baada ya muda, na hasa kila mgonjwa anapotoka wodini au kurudi safarini. Lengo la kuipitia si kuongeza dawa tu. Mara nyingine faida kubwa hupatikana kwa kuondoa dawa ambayo sababu yake imekwisha, kuunganisha saa za kumeza, au kuibadilisha inayotolewa na mashine kwa ile isiyotolewa. Mfamasia ana nafasi muhimu katika kazi hiyo, kwa kuwa ndiye anayekutana na dawa zote kabla hazijamfikia mgonjwa.

Kinachosisitizwa ni kuwa mgonjwa asiache wala asipunguze dawa kwa uamuzi wake. Wapo wanaoacha vidonge vyote vya shinikizo la damu siku ya mashine kwa kuogopa kushuka kwa shinikizo. Kwa baadhi yao daktari anaweza kuelekeza dozi ya asubuhi isogezwe mbele, lakini kwa wengine kuacha huko huweza kusababisha kiharusi. Agizo la mgonjwa mmoja lisihamishiwe kwa mwenzake wa kitanda cha jirani, hata kama maradhi yao yana jina moja.

Mwananchi anayepata madhara anayoshuku kuwa yametokana na dawa, au anayeitilia shaka dawa aliyoinunua, anatakiwa kutoa taarifa kwa mtoa huduma au kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), wenye jukumu la kusimamia usalama na ubora wa dawa nchini. Boksi na mabaki ya dawa yahifadhiwe, yasitupwe, kwani ndiyo yanayosaidia uchunguzi.

Dalili zisizosubiri siku ya mashine

Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja anapopata udhaifu wa ghafla wa misuli au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kwani huenda potasiamu imepanda. Vivyo hivyo akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida, akitokwa na jasho jingi na kutetemeka, akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, akibanwa na kifua au akishindwa kupumua. Jamaa wanaompeleka wachukue orodha au mfuko wa dawa pamoja naye, na wamweleze mtoa huduma wa mwanzo wanayekutana naye kuwa mgonjwa huyo anasafishwa damu, na siku aliyosafishwa mara ya mwisho. Taarifa hizo mbili humwezesha daktari wa zamu kuchagua dawa na kipimo kinachomfaa kabla ya kumpa dawa yoyote mpya.